Kumbukumbu za Mashabiki kama Salua: Mfano wa Mechi ya Hoki ya Lake Placid, 1980

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya, akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, alikwenda nyanjani kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu michezo. Mzee mmoja alimsimulia jinsi alivyousikia kwa redio ushindi wa Kipchoge Keino dhidi ya Mmarekani Jim Ryun katika mbio za mita 1,500 kule Mexico mwaka wa 1968. Kwa maelezo yake, mbio hizo zilitangazwa moja kwa moja saa sita za mchana, naye alikuwa akinywesha mbuzi mtoni, redio imetundikwa mtini. Mwanafunzi, aliyekuwa amejiandaa kwa kusoma vitabu, alimkatiza. Alimweleza mzee kwamba fainali ile ya tarehe 20 Oktoba ilikimbiwa alasiri kwa saa za Mexico, na kwamba saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa tisa. Hivyo basi, huku kwetu ulikuwa usiku mkubwa. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, siku hiyo wewe ulikuwa wapi?" Halafu akaomba radhi kwamba alikuwa na shughuli shambani. Kinasa sauti kilirejea chuoni na dakika nne tu za masimulizi.

Swali la mzee yule ndilo lililozaa makala haya. Je, mtafiti wa fasihi simulizi aifanyie nini kumbukumbu ambayo haiafikiani na saa, tarehe au matokeo yaliyorekodiwa? Je, aitupe kwa kuwa ni ya uongo, au aipokee ilivyo kwa kuwa msimulizi alikuwepo naye hakuwepo? Makala haya yananuia kuonyesha kwamba njia zote mbili zina hasara, na kwamba kosa la kumbukumbu, likichunguzwa kwa makini, huweza kuwa sehemu yenye maana kubwa katika masimulizi yenyewe.

Ili kulifafanua jambo hili, tumechagua mfano ulio mbali nasi kijiografia lakini unaofaa sana kimbinu: mechi ya hoki ya barafuni baina ya Marekani na Muungano wa Kisovieti katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, huko Lake Placid, jimbo la New York, tarehe 22 Februari 1980. Mfano huu una manufaa mawili. Kwanza, kila dakika ya mechi hiyo imehifadhiwa katika rekodi. Pili, mashabiki walioitazama wamekuwa wakiisimulia kwa zaidi ya miongo minne. Mtafiti, kwa hivyo, anaweza kuiweka rekodi kando ya kumbukumbu na kuupima umbali ulio kati yake.

Salua na Nafasi ya Kumbukumbu

Katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi anaiweka kumbukumbu chini ya salua, yaani masimulizi yanayohusu matukio ya kihistoria, yawe ya kweli au ya kubuni. Ndani ya salua mna visakale, mapisi, tarihi na kumbukumbu. Mapisi hujishughulisha na matukio ya kweli yaliyopita. Kisakale huchanganya historia na ubunifu. Tarihi huyapanga matukio kwa mfuatano wa wakati. Nayo kumbukumbu humhusu mtu au jamii ndogo iliyoshuhudia jambo mahususi.

Wanafunzi wengi huvichukulia vipera hivi kana kwamba ni vyumba vinne vilivyotengwa kwa kuta imara. Nyanjani mambo hayawi hivyo. Simulizi moja huweza kuanza kama kumbukumbu, ikaazima vipande vya mapisi kutoka magazetini, na baada ya miaka kadhaa ikapata sura ya kisakale, ilhali msimulizi ni yule yule na nia yake ni kusema kweli. Mechi ya Lake Placid inatupa fursa ya kuliona badiliko hilo.

Usuli wa Tukio

Kwa msomaji wa Kenya, neno hoki humkumbusha mchezo wa nyasini, ambao timu yetu ya taifa ilishika nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964 na ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka wa 1971. Hoki ya barafuni ni mchezo mwingine. Wachezaji sita wa kila upande, akiwemo mlinda lango, huteleza juu ya barafu kwa viatu vya vyuma vyenye makali, wakipiga kisahani cha mpira mgumu kwa magongo marefu. Mechi huwa na vipindi vitatu vya dakika ishirini.

Wasovieti ndio waliokuwa wafalme wa mchezo huo. Walikuwa wametwaa dhahabu ya Olimpiki mara nne mfululizo, mwaka wa 1964, 1968, 1972 na 1976. Timu ya Marekani, chini ya kocha Herb Brooks, iliundwa kwa sehemu kubwa na vijana waliotoka kuchezea vyuo vikuu. Siku kumi na tatu tu kabla ya mechi tunayoizungumzia, timu hizo mbili zilikutana mjini New York katika mechi ya kirafiki, na Wasovieti wakashinda kwa mabao 10 kwa 3. Kwa kipimo chochote cha kimichezo, hapakuwa na sababu ya kutarajia jambo tofauti kule Lake Placid.

Hali ya kisiasa nayo ilikuwa nzito. Raia wa Marekani walikuwa wakishikiliwa mateka mjini Tehran tangu Novemba 1979, na majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan mwezi Desemba mwaka huo huo. Rais Jimmy Carter alikuwa ametoa makataa ya tarehe 20 Februari 1980: majeshi hayo yasipoondoka, Marekani haitashiriki Olimpiki ya Moscow. Makataa hayo yalipita siku mbili kabla ya mechi. Mkondo huo wa siasa ulitufikia hata sisi, kwani mwezi huo huo Carter alimtuma bondia Muhammad Ali kuzuru nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, ili kuomba uungaji mkono. Hatimaye Kenya ilisusia michezo ya Moscow, ilhali Tanzania ilishiriki na kurudi na medali mbili za fedha kupitia kwa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

Mechi yenyewe ilikwenda hivi. Vladimir Krutov aliwafungia Wasovieti bao la kwanza. Buzz Schneider akasawazisha. Sergei Makarov akafunga la pili. Sekunde moja kabla ya kipindi cha kwanza kumalizika, Mark Johnson akasawazisha tena. Kocha Viktor Tikhonov akamwondoa mlinda lango wake mashuhuri, Vladislav Tretiak, na kumwingiza Vladimir Myshkin, uamuzi ambao baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba ulikuwa kosa kubwa. Aleksandr Maltsev aliwarejesha Wasovieti mbele katika kipindi cha pili. Katika kipindi cha tatu Johnson alisawazisha kwa mara nyingine, na zikiwa zimesalia dakika kumi kamili, nahodha Mike Eruzione akafunga bao la nne. Matokeo yakawa 4 kwa 3. Wasovieti walilenga lango mara 39, Wamarekani mara 16 pekee. Mlinda lango Jim Craig alizuia mashambulizi 36.

Muundo wa Kumbukumbu za Mashabiki

Mtu akizisoma au kuzisikiliza kumbukumbu za mashabiki waliotazama mechi hiyo kwa runinga, atashangazwa na jambo moja. Mechi, ambayo ndiyo kiini cha simulizi, hupewa nafasi ndogo. Aghalabu simulizi hufuata hatua zifuatazo.

Kwanza, msimulizi hutaja mahali: sebule ya wazazi, bweni la chuo, baa, au gari lililosimamishwa kando ya barabara ili redio isikike vizuri. Pili, hutaja watu aliokuwa nao, na hapa ndipo baba, babu au kaka mkubwa anapojitokeza. Tatu, hukiri ugeni wake katika mchezo: hakuwa shabiki wa hoki, hakuzijua sheria zake, aliitazama kwa kuwa wengine walikuwa wakiitazama. Nne, hurefusha dakika kumi za mwisho. Dakika hizo huchukua muda mrefu kusimuliwa kuliko dakika hamsini zilizotangulia. Tano, hutoka nje ya nyumba: honi za magari, majirani wasiozoeana wakikumbatiana, watu wakiimba nyimbo za taifa lao. Mwisho, hurejea wakati wa sasa na kutaja kilichobadilika, kwamba baba amefariki, nyumba imeuzwa, au marafiki wametawanyika.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua kwamba huu si mpangilio wa ripoti ya michezo. Ukiri wa ugeni, kwa mfano, una kazi ya kifani. Msimulizi anayejiita mgeni wa mchezo humkaribisha msikilizaji ambaye pia ni mgeni, na wakati huo huo huonyesha ukubwa wa tukio: jambo lililomgusa hata asiyejua. Kurefusha dakika kumi ni mbinu ya taharuki inayotumiwa na fanani wa ngano anapomfikisha mhusika mlangoni pa zimwi na kuanza kupunguza mwendo. Nako kurejea kwa baba aliyefariki hufichua lengo la simulizi zima. Anayesimuliwa ni baba. Mechi imekuwa kigingi cha kumfungia asipotee.

Makosa Matatu na Maana Yake

Sasa tuyatazame makosa. Katika kumbukumbu hizi, matatu hujirudia.

Kosa la kwanza ni la saa. Mechi ilianza saa kumi na moja jioni. Kituo cha runinga cha ABC kilitaka isogezwe hadi saa mbili usiku ili kipate watazamaji wengi zaidi, lakini Wasovieti wakakataa, kwa kuwa huko Moscow ingekuwa saa kumi alfajiri. ABC ikairekodi na kuionyesha usiku. Waliokuwa wakiishi karibu na mpaka wa Kanada waliweza kuiona ikichezwa kupitia kituo cha CTV cha nchi hiyo; Wamarekani wengine waliiona baada ya kumalizika. Hata hivyo, wengi husimulia kwamba waliitazama moja kwa moja. Kilio cha mtangazaji Al Michaels, aliyewauliza watazamaji katika sekunde za mwisho kama wanaamini miujiza na kujijibu mwenyewe kwamba ndiyo, kilikuwa na umri wa saa kadhaa kilipofika sebuleni mwao.

Kosa la pili ni la dhahabu. Wengi hukumbuka kwamba kwa ushindi huo Marekani ilitwaa medali ya dhahabu. Sivyo. Hatua ya mwisho ilikuwa na timu nne zilizokusanya alama, wala haikuwa na mechi moja ya fainali. Marekani ilipaswa kucheza na Ufini tarehe 24 Februari. Ilimaliza vipindi viwili vya mechi hiyo ikiwa nyuma kwa 2 kwa 1, kisha ikashinda 4 kwa 2. Lau ingeshindwa siku hiyo, dhahabu ingeweza kuiponyoka.

Kosa la tatu ni la bendera. Picha ya Jim Craig akiwa amejitanda bendera ya taifa lake, akiwatazama watu waliokaa jukwaani ili amwone baba yake, huwekwa na wasimulizi wengi mwishoni mwa mechi dhidi ya Wasovieti. Kwa kweli tukio hilo lilijiri siku mbili baadaye, baada ya mechi ya Ufini.

Tukiyatazama makosa haya kwa pamoja, tunagundua kwamba hayakutawanyika ovyo, bali yote yanaelekea upande mmoja. La kwanza huondoa masaa yaliyomtenga mtazamaji na tukio, na hivyo kumfanya shahidi. La pili na la tatu huyavuta matukio ya siku tatu na kuyarundika katika jioni moja. Kwa maneno mengine, kumbukumbu imefanya kazi ambayo mtunzi wa kisakale angeifanya kwa makusudi: imepunguza mechi, imeunganisha kilele na tuzo, na imempa shujaa vazi lake mahali ambapo hadhira inamtaka alivae. Ufini haikuwa na majeshi Afghanistan. Ndiyo maana mechi yake, iliyoamua dhahabu, imesahauliwa kwa wepesi.

Makosa ya namna hii yamechunguzwa na wataalamu. Mwanasaikolojia Ulric Neisser aliamini kwa miaka mingi kwamba alizisikia habari za shambulio la Pearl Harbor la tarehe 7 Desemba 1941 wakati matangazo ya mchezo wa besiboli yalipokatizwa redioni. Baadaye alitambua kwamba mwezi Desemba besiboli haichezwi. Watafiti wengine walipendekeza kwamba yaelekea alikuwa akisikiliza mechi ya kandanda ya Kimarekani baina ya timu mbili za New York zilizobeba majina sawa na ya timu za besiboli. Neisser huyo huyo, pamoja na Nicole Harsch, waliwauliza wanafunzi walizisikiaje habari za kulipuka kwa chombo cha Challenger mwezi Januari 1986, siku moja tu baada ya tukio, kisha wakawauliza tena miaka miwili na nusu baadaye. Takriban robo ya waliohojiwa tena walikosea kila jambo kuu walilopimwa, na wengi walikuwa na uhakika mkubwa na majibu yao. Funzo hapa ni kwamba uhakika wa msimulizi si kipimo cha usahihi, wala kosa lake si ithibati ya udanganyifu.

Naye Mwitaliano Alessandro Portelli ametusogeza hatua moja mbele. Alipokusanya masimulizi ya wafanyakazi wa mji wa Terni, aligundua kwamba wengi walikiweka kifo cha kijana Luigi Trastulli, aliyeuawa na polisi mwaka wa 1949 katika maandamano ya kupinga Italia kujiunga na NATO, katika mwaka wa 1953, wakati maelfu ya wafanyakazi walipoachishwa kazi. Portelli hakuwasahihisha wakanyamaza. Aliuliza kwa nini kifo kimehama, akatambua kwamba jamii ile ilikiona kifo hicho kuwa kizito mno kutokea katika siku ambayo haikuwa kilele cha mapambano yao. Kwa mtazamo wetu, bendera ya Jim Craig imehama kwa sababu iyo hiyo.

Pamoja na hayo, ni lazima tutahadhari. Kusema kwamba kosa lina maana si kusema kwamba kosa ni kweli. Kwa mashabiki wa Kisovieti, jioni ile haikuwa muujiza, bali mchezo ulioponyoka mikononi mwa timu bora, ambayo ilirudi kutwaa dhahabu mwaka wa 1984 na 1988. Tukiipokea kumbukumbu ya upande mmoja bila kuihoji, tutakuwa tumeandika sifa za washindi na kuziita historia. Ikumbukwe pia kwamba kumbukumbu hizi zimelishwa na vyombo vya habari: filamu iliyotolewa mwaka wa 2004, picha zinazorudiwa kila mwadhimisho, na uamuzi wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni mwaka wa 2008 wa kuitangaza mechi hiyo kuwa kisa kikuu cha karne katika mchezo huo. Shabiki anayesimulia leo anakumbuka alichokiona, na pia alichoonyeshwa baadaye.

Mafunzo kwa Mtafiti wa Nyanjani

Kutokana na mfano huu, tunapendekeza kwamba mwanafunzi anayekusanya kumbukumbu atofautishe nyakati tatu. Kuna wakati wa tukio, yaani saa ambapo jambo lilitendeka. Kuna wakati wa mapokezi, yaani saa ambapo habari au picha ilimfikia msimulizi. Na kuna wakati wa usimulizi, yaani siku anayoketi mbele ya kinasa sauti. Kwa shabiki wa Marekani, wakati wa tukio ni saa kumi na moja jioni, na wakati wa mapokezi ni usiku. Anaposema "niliiona ikichezwa", anautoa ushahidi wa kweli kuhusu mapokezi, ila anaupachika kwenye tukio.

Pili, mtafiti asikatize. Kurekodi kutangulie, kuuliza kufuate, na kulinganisha na nyaraka kufanyike chuoni. Tatu, anaponukuu masimulizi, asiyasahihishe ndani ya matini. Maelezo ya kusahihisha yawekwe kando, ili msomaji aione kauli ya msimulizi na rekodi kwa pamoja. Nne, kila anapokuta kosa, ajiulize: jambo hili limetoka wapi, limehamia wapi, na huko lilikohamia linafanya kazi gani?

Nyanja za kufanyia kazi hii zipo kwetu. Wapo wazee wanaokumbuka ushindi wa timu yetu ya kriketi dhidi ya West Indies mjini Pune, India, tarehe 29 Februari 1996. Wapo pia wanamichezo wa Kenya waliojiandaa kwa Olimpiki ya Moscow na wasiende. Kumbukumbu za wanamichezo hao ni za aina ya pekee, kwa kuwa zinahusu mashindano ambayo wao hawakuyaona. Umri unasonga, na kila mwaka hazina hiyo inapungua.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kumbukumbu za mashabiki wa mechi ya Lake Placid ni salua zenye muundo unaotambulika, na kwamba makosa yake ya saa, ya medali na ya bendera hufuata mantiki ya usimulizi. Yameonyesha pia kwamba mpaka baina ya kumbukumbu na kisakale huvukwa polepole, mara nyingi bila msimulizi mwenyewe kujua.

Tumrejee mzee wa mbuzi. Leo mwandishi anaamini kwamba yaelekea mzee yule alisikia kweli habari za Keino kando ya mto, mchana, katika taarifa ya habari ya siku iliyofuata, na kwamba mbuzi, mto na mti vilikuwepo. Wakati wake wa mapokezi ulikuwa sahihi. Mwanafunzi alimsahihisha kuhusu wakati wa tukio, jambo ambalo hakuulizwa, na kwa kufanya hivyo akaikosa simulizi nzima: ni nani aliyekuwa naye pale mtoni, walisema nini, na ni nani aliyetumwa kijijini kupeleka habari. Aliporudi mwaka uliofuata kuomba radhi na kuuliza upya, mzee alikuwa amekwisha kuzikwa.